Dada Alinisadiki

Jumatatu, 4 Agosti

Nimerudi kutoka shuleni. Nimekula kiporo. Nimevunja migongo ya vitabu viwili.

Kuvunja mgongo ni kazi. Unakifungua kitabu katikati, unakikandamiza mezani mpaka gundi ilie, kisha unarudia karibu na mwisho. Kitabu chenye mgongo mzima ni shahidi wa kukushitaki. Halafu penseli na rula. Napiga mistari chini ya sentensi huku nasikiliza mpira redioni. Pembeni naandika "La!" au naweka alama ya kuuliza. Alama ya kuuliza ndiyo yenye heshima zaidi. Inaonyesha kuna jambo umelikataa.

Vyote ni vya Kiingereza, vinene, vya wanafalsafa waliomkana Mungu. Navitoa kwenye lundo la mitumba kule Musoma, jirani na soko la Mwigobero, vikinuka dagaa. Nikivianika juani harufu inapungua. Kuvisoma? Nasoma utangulizi. Nasoma jalada la nyuma, pale wanapokisifu. Anayetaka zaidi ya hapo hana kazi ya kufanya.

Mke wangu alipoondoka aliniachia kabati la vyombo. Sasa ni maktaba.

Dada Nyangeta anaimba jikoni. Tangu tumalize matanga ya mwanawe Bwire amehamia kwangu hapa Manyamanyama, Bunda, ati nyumba ya kijijini ina mwangwi. Mwangwi wenyewe kaja nao. Pambio lile lile, sauti ya mlango wa bati. Simpendi anapoimba. Anaponyamaza namvumilia.

Jumatano, 6 Agosti

Bwire alifukiwa na kifusi Buhemba, kwenye shimo la dhahabu. Wenzake hawakumtoa. Ukuta uliendelea kumeguka, wakaogopa, wakalifukia shimo. Kwa hiyo hatuna kaburi. Dada kampeleka mwanawe mbinguni moja kwa moja, na kila asubuhi kabla ya kushika ufagio anaongea naye, rozari mkononi.

"Bwire, mama yako nimeamka. Jana upepo ulikuwa mkali, uliezua bati la jirani. Tutaonana, baba."

Namsikia nikiwa na mswaki mdomoni. Leo nimetamani kucheka. Mwanamke mzima anapeleka habari za mabati kwa Mwenyezi.

Kwa majirani ananisifu. "Mdogo wangu anasoma huyo! Anasomaga mpaka anasahau kula." Hilo simkatazi. Lisemwe.

Jumamosi, 9 Agosti

Musoma. Baraza la hoteli, ziwa mbele yetu, Meza ya Fikra imekutana. Jina nililitoa mimi. Mwenyekiti ni Dokta Masatu, mhadhiri mstaafu. Wakili Chacha yupo, na wengine wawili ambao kazi yao ni kutikisa kichwa. Nawachukia. Nisipowaona wiki nzima naumwa.

Dokta huwaita wenzangu "msomi mwenzangu". Mimi ananiita "Mwalimu". Natoka Butiama, ambako neno Mwalimu lina mwenyewe. Nikiitwa mimi naona napozwa tu. Nataka kuitwa msomi. Nimeshalisema, sasa limeandikwa.

Mjadala wa Jumamosi ya tarehe 23: Je, Mungu yupo? Dokta aliuliza nani atasimama upande wa hayupo. Wote wakatazama vikombe vyao. Nikanyoosha mkono. Akaniuliza kama nimejiandaa. Nikasema nimesoma yote.

"Nadharia tumezichoka, Mwalimu. Tuletee mfano hai."

Nimerudi na pikipiki hadi Bunda nikiwaza mfano hai. Ng'ombe wakakatiza barabara ghafla, nikapiga kelele "Yesu!" Mazoea ya mdomo tu, hayana maana yoyote.

Mfano hai ninao jikoni. Anaosha sufuria.

Jumapili, 10 Agosti

Karudi kutoka misani na uso wake wa misani. Nikamngoja avue viatu. Nikamuuliza Mungu alikuwa wapi ukuta ulipomeguka.

Akasema alikuwa pamoja na Bwire.

Nikamwambia basi alikaa pale akitazama, na mikono anayo.

Akaacha kuchambua mchele. Mikono ikabaki kwenye ungo. Nimejisikia vizuri sana, na sioni sababu ya kuficha katika shajara yangu mwenyewe.

Jumanne, 12 Agosti

Njia yangu ni hii: swali moja kila jioni, halafu namwacha nalo. Haraka haraka haina baraka, hata kwa sisi tusioamini baraka.

Jana: kama Bwire yuko raha mustarehe, mbona unalia? Akafuta macho kwa kitenge, kama vile machozi ndiyo yamemponza.

Leo: Bwire hakuungama. Aliingia shimoni na kete ya bangi mfukoni, wewe mwenyewe unajua. Kwa sheria zenu, mtu wa namna hiyo anakwenda wapi?

Hilo nililiona likiingia. Alikaa chini hapo hapo, sakafuni, na mwiko mkononi. Ugali ukaungua. Nimekula ulioungua bila kulalamika. Mshindi halalamiki.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimeshinda.

Alikuja mbele ya kabati anajifuta mikono. Akavitazama vitabu kwa muda mrefu, safu ya juu na safu ya chini.

"Hivi vyote umevisoma?"

"Vyote."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho, dada."

"Na vyote vinasema hakuna?"

"Hakuna."

"Na Bwire?"

"Bwire hayupo popote. Amekwisha."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa basi limeshaondoka. "Haya. Kama umesoma wewe, basi." Akavua rozari shingoni, akaiweka kwenye kabati pembeni ya vitabu, akarudi jikoni.

Imekwisha hivyo. Hoja yangu kubwa kuliko zote sikuwa hata nimeigusa. Nimefurahi mno. Kumbe akili yangu ina nguvu kuliko nilivyodhani.

Ijumaa, 15 Agosti

Nyumba kimya. Hakuna pambio. Hakuna habari za mabati. Hiki ndicho nilichokuwa nakitaka. Nimetoka shuleni nikalala mpaka usiku.

Jumapili, 17 Agosti

Hakwenda kanisani. Baada ya misa wanawake wa jumuiya wakaja kumwona, Mama Neema mbele na bakuli la sukari, wanene wote. Walidhani anaumwa. Dada akawapa viti, akawapa uji, akawaambia kwa utaratibu kabisa kwamba mdogo wake amesoma na hakuna kitu. Wasijisumbue.

Walinigeukia kwa jicho la kumtazama mchawi. Nilikuwa nimekaa na kitabu mapajani. Mama Neema akaniuliza kinasema nini. Nikamwambia ni falsafa, mama, ni ngumu kidogo kwako.

Wakaondoka bila kumaliza uji. Nimeyasikia maneno yao nje ya geti na sikujali. Mbwa wabweke, msafara upite.

Mama Neema alikuwa akilia. Hilo nalo nimeliona.

Jumatano, 20 Agosti

Amegawa nguo za Bwire. Jezi, suruali, viatu vya Jumapili. Kampa mzee anayeuza mkaa. Zile nguo alikuwa akizifua kila wiki japo hazikuvaliwa na mtu. Nikamuuliza kulikoni. Akasema atavaa nani.

Ni kweli. Ni hoja nzuri. Sijui kwa nini imenikera.

Asubuhi hasemi na mtu. Anafagia, anapika, chumvi anasahau. Haombolezi. Halii hata kidogo. Nilitegemea atakuwa mwepesi, mtu huru, kama vitabu vinavyoahidi kwenye jalada la nyuma. Anatembea kama aliyebeba ndoo na hajui aitue wapi.

Mezani ananiuliza: "Lile shimo lina urefu gani kwenda chini?"

Nikasema sijui.

"Kwenye vitabu haimo?"

Nilimfokea. Nikamwambia vitabu havihusiki na mashimo. Akaomba radhi. Kuomba kwake radhi ndiko kumeniudhi zaidi.

Jumamosi hii nampeleka Musoma. Mfano hai. Nimeandika hotuba, nimeirudia mbele ya kioo.

Jumamosi, 23 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Dada alivaa gauni la kanisani kwa sababu hana jingine la maana. Akapanda nyuma ya pikipiki. Barazani walikuwa wengi kuliko kawaida, Dokta alikuwa amealika watu. Nikamketisha mbele kabisa.

Dokta akasimama. "Waheshimiwa, kama ilivyo desturi yetu, kabla hatujaanza tuombe."

Nikacheka. Nilidhani ni utani. Mjadala wa kama Mungu yupo, na unafunguliwa kwa sala! Lakini wote walishasimama, vichwa chini. Wakili Chacha alivua kofia. Hata mhudumu alisimama na trei. Nikakumbuka kwamba kila tukikutana tunafungua hivyo hivyo na mimi husimama nao, wala huwa sioni ajabu. Tanzania hii hata kikao cha kugombania mpaka wa shamba kinafunguliwa kwa sala.

Dokta akamwona mama mtu mzima mwenye gauni la kanisani. "Mama yetu, utuongoze."

Dada akasimama. Hakuona haya. Sauti yake ilikuwa ya kumweleza mgeni njia.

"Baba, mimi sisomi tena. Huyu mdogo wangu ndiye msomaji wetu, na amesema hakuna. Na mwanangu hayupo popote. Sasa nitamwomba nani?"

Akakaa. Akaweka kitenge sawa magotini.

Kijiko kilianguka mahali fulani. Dokta akamuuliza mwanawe ni yupi. Dada akamweleza habari za Buhemba, kwa maneno machache, mpaka pale walipofukia shimo. Dokta akazunguka meza, akamshika mikono yote miwili, akakaa hivyo. Kisha akanigeukia. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Mwalimu, sisi hapa tunajadili. Tunapiga soga la kisomi tupate hamu ya kula sato. Kesho asubuhi mimi naimba besi kanisani. Wewe umekwenda kumfanyia nini mama wa watu?"

"Dokta, ulisema mfano hai."

Ndilo nililolisema. Mbele ya watu wote.

Akaninyang'anya kitabu mkononi, kile nilichokichora kuliko vyote. Akafunua mwishoni, ambako mgongo umevunjika vizuri. Akatazama. Akampa Wakili Chacha atazame.

"Umepiga mistari kwenye faharasa, Mwalimu."

Faharasa. Ile orodha ya maneno na namba za kurasa inayokaa mwisho wa kitabu. Nilipiga mstari kwa rula chini ya majina ya watu na namba zao, na pembeni nikaandika "La!"

Hapo ndipo walipocheka. Mmoja alikohoa mpaka akapigwa mgongoni. Dada akanitazama, kisha akawatazama wao, akauliza kwa upole wanacheka nini.

Jumapili, 24 Agosti

Wanafiki. Wanafiki wakubwa. Miaka yote hii wanakaa pale wanamkana Mungu kwa midomo yenye mafuta ya samaki, halafu asubuhi wanakwenda kuimba besi. Ningejua! Ningekwenda nami nikaimba.

Nimevitoa vitabu kabatini. Nimevirudisha. Kabati tupu ni baya zaidi.

Dada amepika. Chumvi hakuna.

Jumatatu, 25 Agosti

Mama Neema amekuja kuchukua bakuli lake. Hakuingia. Alisimama mlangoni, akaniambia kitu ambacho nimekaa nacho tangu saa hizo.

"Mwalimu, unajua dada yako akisema unasoma anamaanisha nini?"

Nikasema kila mtu anajua kusoma ni nini.

"Kwa wazee wetu huku, kusoma ni kusali. Mama yangu alikuwaga anauliza mtu, 'Unasoma wapi?' Anataka kujua kanisa lako. Mtoto anaenda shule, hiyo ni shule. Msomaji ni mtu wa Mungu. Nyangeta kalelewa na bibi, anaongeaga kibibi."

Kisha akaondoka na bakuli lake.

Kwa hiyo majirani wote wale. "Mdogo wangu anasoma sana, anasahau kula." Alikuwa anawaambia nafunga na kusali. Lile kabati kwake ni kabati la vitabu vya sala. Mimi ni mtu wa ukoo aliyekaa karibu na Mungu kuliko wote, akaingia ndani, akatazama huku na huku, akatoka akasema hakuna mtu humo. Nani angenibishia?

Hoja zangu hazikumgusa. Hata moja. Nimeona aibu kwa hilo kwanza, kabla ya jingine lolote. Jingine limekuja baadaye, nikiwa naosha uso, kwamba Mungu wake nimemwondolea kwa uongo wangu tu, na ndilo lililonikalisha chini.

Jumanne, 26 Agosti

Nimejaribu kumrudishia.

Nilimketisha. Nikamwambia, dada, sijavisoma. Hata kimoja sijakimaliza. Nikamwonyesha kurasa zilizogandana, ambazo hazijawahi kufunguliwa na mtu. Nikamwambia kule Musoma walikuwa wananicheka mimi, kwa sababu ni mwongo na sijui kitu.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akanishika shavu.

"Unanihurumia."

Nikaapa. Nikasema Mungu yupo, Bwire yuko kwake, mtaonana. Nikasema mimi ni mjinga, nilitaka sifa.

"Siku ile ulivyoniambia hakuna, jicho lako lilikuwa limetulia. Leo linapepesa. Wewe hujawahigi kunidanganya, usianze leo."

Nikapiga magoti. Nikaanza sala ambayo kila mtoto anaijua, nikaipoteza katikati. Nikarudia, nikaipoteza pale pale. Alinisubiri. Hakunisaidia neno lililokosekana, ingawa analijua tangu hajaota meno ya pili. Nilipokwama mara nyingine akaniinua kwa kiwiko, akaniuliza kama nitakula.

Nilimchukia dakika ile. Nampenda pia. Maji yamemwagika.

Ijumaa, 29 Agosti

Nimekwenda kwa padre. Nikamwomba aje aongee naye. Amekuja, mzee wa watu, ameongea kwa hekima. Dada alimpa soda. Akamwambia: "Baba, wewe unaongea vizuri, lakini ni kazi yako. Mdogo wangu hakuna aliyemlipa."

Jumapili, 31 Agosti

Arobaini ya Bwire, kijijini kwetu Butiama. Ukoo mzima. Fahali alichinjwa, turubai likafungwa, kwaya ikaja na kinanda.

Dada hakuwepo. Alinitangulia toka kwangu alfajiri, nikadhani kawahi kusaidia mapishi. Hakufika. Watu waliniuliza mimi. Nikasema anaumwa. Wakasema pole, uchungu wa mwana, na wakaendelea kula.

Katekista akanipa mkono mbele ya watu akanishukuru kwa kumtunza dada yangu wakati wa majonzi. Akaniita msomi wetu. Alitamka hivyo hivyo, msomi, kwenye kipaza sauti.

Nilitaka ardhi inimeze. Halafu nikakumbuka ardhi ilivyommeza Bwire, nikaliacha neno hilo.

Jumatano, 3 Septemba

Bado hajarudi. Kijijini hayupo. Kwa Mama Neema hayupo. Nimefundisha vipindi vyote bila kujua nimefundisha nini.

Dereva wa lori la mchanga amesema alimshusha Buhemba.

Jumapili, 7 Septemba

Nimemkuta.

Amepanga chumba cha bati nyuma ya kinu cha kusagia mawe. Anauza chai na vitumbua kwa wachimbaji. Wanamwita Mama Bwire, wanamheshimu, wengine walimjua kijana. Jiko lake hajaliweka kando ya njia ambako wateja wanapita. Ameliweka juu ya kifusi, pale lilipokuwa shimo. Wameshamwambia udongo ule haujashikana, bado unashuka kidogo kidogo. Anawaitikia, anawamiminia chai.

Nikamwambia twende nyumbani. Nikasema mengi. Aliniacha nimalize.

"Nikiondoka atabaki na nani? Kama hayuko juu, yuko humu."

Alisema bila kunilaumu. Akanionyesha ndoo ya kukalia, akanimiminia chai.

Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa ziwa. Mvua ilipoanza kudondoka wachimbaji walishuka kwenye kifusi wakakimbilia mabandani. Yeye akavuta nailoni juu ya jiko na kichwa chake, akabaki hapo hapo.

Nilikaa naye juu ya kile kifusi, mvuani, mpaka chai ikaisha. Nikasuuza kikombe, nikakirudisha kwenye trei pamoja na vingine.